Mtihani, Sikio na Kalamu: Historia ya Nafuu za Watahiniwa Wenye Ulemavu, Ikitazamwa Kutoka Chundwa

Mji wa Chundwa, ulioko upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa cha Pate, huandikwa kwa namna tatu. Katika maandishi ya Waingereza wa mwanzo wa karne ya 20 huonekana kama Tundwa; katika ramani na karatasi za Serikali ya Kenya mara nyingi ni Tchundwa; na wenyeji, kwa kuwa ni wasemaji wa Kitikuu, hutamka Chundwa. Tofauti hii haikutokea ovyo. Kitikuu, ambacho wengine hukiita Kibajuni, kimegeuza /t/ ya lahaja nyingine kuwa /ch/ katika maneno mengi: mtu ni mchu, watu ni wachu, na idadi ya tatu ni chachu. Wataalamu walioichunguza lahaja hii, hasa Derek Nurse, wamelieleza badiliko hilo kwa urefu, wala lisingehitaji kurudiwa hapa kama lisingekuwa linaonyesha mahali ambapo suala la mtihani wa mtoto mwenye ulemavu huacha kuwa suala la utawala wa elimu peke yake na kuwa suala la lugha.

Makala haya yanakusudia kufuatilia jinsi nafuu za mitihani zilivyopatikana katika Kenya, na kwa kadiri fulani katika Tanzania: karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, muda wa ziada, ruhusa ya kusomewa na kuandikiwa, na karatasi ya lugha ya ishara badala ya Kiswahili. Chundwa kimechaguliwa kwa sababu ni mahali ambapo mambo haya yote hukutana na mambo mengine mawili, yaani lahaja isiyo sanifu na bahari. Jambo ambalo katika Nairobi ni la fomu kujazwa au kutojazwa, katika kisiwa cha Pate ni la kujua kwanza kwamba fomu ipo.

Chuo na sikio

Kabla ya shule ya Serikali, mtoto wa visiwa vya Lamu alitahiniwa katika chuo cha Qurani. Neno lenyewe mtihani limetoka katika Kiarabu, na hivyo hivyo neno kuhitimu, ambalo asili yake ni kukhitimisha msahafu na ambalo leo hutumiwa hata kwa shahada za Chuo Kikuu. Katika chuo mtoto aliandika juu ya ubao kwa wino, akausoma, akaufuta, akaandika tena. Lakini alipofika mbele ya mwalimu kupimwa alipimwa kwa kusoma kwa sauti. Hapakuwa na saa. Kila mtoto alikuwa mahali pake katika msahafu, huyu katika juzuu ya kwanza, yule katika ya kumi, na mwalimu alimwendeleza kila mmoja kwa mwendo wake. Aliyekosea alirudishwa nyuma, akarudia kesho.

Kwa mpango kama huo, mtoto asiyeona hakuwa na haja ya kuombewa nafuu. Alikariri kwa sikio, na mwenzake mwenye macho naye alipimwa kwa ulimi. Ndiyo maana katika nchi zote za Kiislamu mahufadhi wasioona wamekuwa wengi, na baadhi yao wameingia katika elimu ya juu kwa mlango huo. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa Taha Hussein wa Misri (1889–1973), aliyepoteza macho akiwa mtoto mdogo, akaihifadhi Qurani katika chuo cha kijijini kwao, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Cairo mwaka 1914 na mwingine katika Sorbonne mwaka 1918. Vitabu vyake alivitoa kwa kinywa, wengine wakaandika. Hakuna msomaji wa fasihi ya Kiarabu aliyewahi kusema kwamba kazi hizo ni za yule aliyeshika kalamu. Jambo hili litarejewa.

Haifai, hata hivyo, kukisifu chuo kupita kiasi. Njia yake ilikuwa sikio, na mtoto asiyesikia alibaki nje. Aliweza kuketi na wenziwe na kuinama na kuinuka pamoja nao katika sala, lakini hakuna aliyejua namna ya kumpima, na asiyepimwa hahitimu. Shule ya Serikali ilipokuja na karatasi zake ilikigeuza kipimo juu chini: sasa asiyesikia aliweza angalau kuiona karatasi, na asiyeona ndiye aliyebaki nje.

Katika fikira za kidini za pwani lipo pia wazo ambalo wanasheria wa leo wangelifaidi wakilitazama. Neno ruhusa limetokana na rukhsa, ambalo katika fikihi ni istilahi yenye maana mahususi: ni wepesi unaotolewa kwa mwenye udhuru bila ya kuipunguza ibada yake. Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala, na sala hiyo huhesabiwa sala kamili. Haiandikwi popote kwamba ilisaliwa kwa nafuu. Kwa mtu aliyekulia katika Chundwa wazo hili halihitaji kufundishwa. Analijua tangu alipoanza kwenda msikitini na babu yake mwenye magoti mabovu. Ajabu ni kwamba walipoanza kuandikwa watahiniwa wenye ulemavu katika shule zile zile za visiwani, maneno yaliyotumika yalikuwa ya huruma na upendeleo, na hili la rukhsa, lililokuwa karibu zaidi, halikutumiwa.

Karatasi na saa

Mtihani wa maandishi, wenye karatasi moja kwa watu wote, saa moja kwa watu wote, na mtahini asiyemjua mtahiniwa, ni jambo jipya hata katika Ulaya. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuwatahini wanafunzi wa shule kwa utaratibu huu mwaka 1858, ambao pia ndio mwaka unaotajwa kwa kawaida kuwa wa kutungwa Utendi wa Mwana Kupona katika kisiwa hiki hiki cha Pate. Nia ya waanzilishi ilikuwa uadilifu: mtoto wa tajiri na wa maskini wapimwe kwa kipimo kimoja. Lakini kipimo kimoja kilichukuliwa kuwa na maana ya umbo moja, na umbo hilo lilimtaka mtahiniwa awe na macho ya kusoma, mkono wa kuandika, na kasi ya wastani.

Utaratibu wa Cambridge ndio ulioingia katika Afrika ya Mashariki kwa shule za sekondari. Kwa shule za msingi za Kenya palikuwa na mtihani wa KAPE kwa Waafrika, kisha KPE baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa katika mitihani, na kisha CPE tangu miaka ya kati ya 1960. CPE ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya maarifa ya jumla. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu. Kiswahili hakikutahiniwa. Hivyo mtoto wa Chundwa, ambaye lugha yake ya kuzaliwa ni mojawapo ya lahaja za kale za Kiswahili, alimaliza shule ya msingi bila ya lugha hiyo kumpatia hata alama moja.

Usimamizi wa mitihani ya juu ulihama kutoka Uingereza kwa hatua. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ikajitoa mwaka 1971 na kuunda Baraza lake kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya ikaunda Baraza la Taifa la Mitihani kwa sheria ya mwaka 1980. Hatua ya mwisho ni ya maana sana kwa habari hii. Muda wote ambapo karatasi zilitungwa au kusimamiwa na chombo cha nje au cha nchi tatu pamoja, mzazi au mwalimu mwenye ombi hakuwa na mlango wa karibu wa kugonga. Tangu mwaka 1980 mlango ulikuwepo, ingawa ulikuwa Nairobi.

Shule za watoto wasioona zilikuwa zimekwisha kuwapo. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya Thika mwaka 1946, na baadaye likafungua nyingine Likoni, Mombasa. Katika Tanganyika Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Hizi zilikuwa shule za misheni na za bweni, na ndizo zilizofundisha maandishi ya nukta nundu yaliyotokana na mfumo alioutangaza Louis Braille mwaka 1829. Kutoka Chundwa hadi Likoni mtoto wa miaka saba alikuwa na safari ya chombo hadi Lamu, kupitia mlango wa Mkanda ambao hupitika kwa kufuata maji yanapojaa, kisha kuvuka hadi Mokowe na kushika njia ya gari hadi Mombasa. Kwa wazazi wengi wa visiwani hili lilikuwa sawa na kumtoa mtoto na kumpa watu wasiowajua, wa dini nyingine, kwa sababu ya macho yake. Si haki kuwalaumu waliokataa. Wala haifai kusahau kwamba miaka ile ile ya 1960 Watikuu wengi walikuwa wamekimbia vijiji vyao vya bara kwa sababu ya vita vya shifta na kujazana visiwani, na shule ya bweni ya mbali haikuwa neno la kwanza katika mawazo yao.

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikwisha kupendekeza kwamba watoto wenye ulemavu usio mzito wasome katika shule za kawaida. Pendekezo lilikuwa jema, lakini lilinyamaza juu ya mtihani, na kumruhusu mtoto aketi darasani bila ya kupanga atakavyotahiniwa ni kuahirisha tu siku ya kumtoa nje.

Majina ya watu

Inafaa kusimama kidogo juu ya istilahi, kwa kuwa fomu haijazwi bila jina. Kiswahili cha zamani kina kundi dogo la majina ya watu yenye kiambishi KI-/VI-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliyataja maumbo haya pamoja na matumizi mengine ya KI- yanayoonyesha udogo au kasoro. Kwa upatanisho wa sentensi majina haya hufuata ngeli ya watu, husemwa kipofu amekuja, na kwa hiyo sarufi yenyewe imekwisha kumrudisha mtu katika utu wake hata pale kiambishi kilipomtoa.

Katika miaka ya 1970 na 1980, hasa baada ya Kenya kuutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa walemavu na Umoja wa Mataifa kufanya hivyo kwa mwaka 1981, neno mlemavu lilienea. Baadaye likafuatwa na mtu mwenye ulemavu, na kipofu akawa asiyeona. Mabadiliko haya hayakwenda kwa mstari mmoja. Chama cha Wasioona Tanzania kilichukua jina la kukanusha. Chama cha Viziwi Tanzania kilibaki na neno la kale, kwa kuwa kwao ukiziwi ni alama ya jamii yenye lugha yake, na neno walilolikataa ni bubu. Mtungaji wa istilahi angefanya vema kuwasikiliza wenyewe kabla ya kuwasahihisha. Lugha ya ishara ya Kenya ni lugha ya alama katika Tanzania, na breli ya Kenya ni nukta nundu upande wa pili wa mpaka. Hili la mwisho ni miongoni mwa maneno mazuri zaidi yaliyoundwa katika Kiswahili cha sasa: kila aliyewahi kuigusa karatasi hiyo ataelewa bila kamusi.

Kwa kile kinachoombwa chenyewe, istilahi bado haijatulia. Karatasi za ofisi husema mahitaji maalumu. Wazazi husema kusaidiwa. Baadhi ya walimu husema kupendelewa. Hapa limetumiwa neno nafuu, ambalo lina kasoro yake, maana hudokeza kupungua kwa mzigo, hali mtahiniwa anayeongezewa muda huubeba mzigo ule ule kwa muda mrefu zaidi.

Mtihani wa mwaka 1985 na baada yake

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulileta mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye karatasi mbili, ya lugha na ya insha. Mwaka mmoja kabla yake, kwa msaada wa Denmark, vilianza kufunguliwa vituo vya kuwapima watoto na kutambua ulemavu wao. Na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ya kuwafundisha walimu. Mambo haya matatu yakichukuliwa pamoja ndiyo yaliyojenga njia ambayo kwa sehemu kubwa imeendelea kutumika: mtoto hupimwa, ulemavu wake huandikwa, mwalimu mkuu huutaja wakati wa kumsajili kwa mtihani, na Baraza hutayarisha karatasi inayomfaa.

Sheria ilikuja nyuma ya desturi, kama ilivyo kawaida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 14 ya mwaka 2003, katika kifungu cha 18, ilizitaka taasisi za elimu zizingatie mahitaji ya watu hao katika masharti ya kuingia, alama za kufaulu, mtaala na mitihani. Katiba ya mwaka 2010 ikaenda mbele zaidi: ibara ya 7 inaiagiza dola ikuze lugha ya ishara ya Kenya na breli, ibara ya 54 inataja haki ya kupata elimu na kutumia njia zifaazo za mawasiliano, na ibara ya 120 inaifanya lugha ya ishara kuwa mojawapo ya lugha za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2025 ile sheria ya 2003 nayo ikabadilishwa kwa sheria mpya. Hivyo katika muda wa kizazi kimoja jambo lililokuwa hisani ya mwalimu mwema limekuwa haki iliyoandikwa.

Nafuu iliyo nyepesi kueleza ni ya muda, nayo ndiyo yenye hesabu ya kuchekesha. Kwa kawaida Baraza la Kenya limetoa dakika 30 za ziada kwa karatasi. Insha ya Kiswahili katika KCPE ilikuwa ya dakika 40, na Hisabati ya saa 2. Dakika 30 juu ya 40 ni nyongeza ya asilimia 75. Dakika 30 juu ya 120 ni asilimia 25. Lakini kila mwalimu wa nukta nundu atasema kwamba Hisabati ndiyo inayomchelewesha mwanafunzi zaidi, kwa kuwa hesabu ya ngazi ngazi, ambayo mwenye macho huitupia jicho mara moja, mwenye kusoma kwa vidole huirudia mstari kwa mstari. Baraza la Tanzania lilichagua njia nyingine: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtu anaweza kubishana juu ya tarakimu hizo, lakini aliyezipanga aliufikiria mkono unaosoma.

Karatasi yenyewe ya nukta nundu ina shida yake. Kiswahili kina bahati ya tahajia inayofuata matamshi, na msomaji hukutana na herufi kama zinavyotamkwa. Kiingereza cha nukta nundu kina vifupisho vingi ambavyo mtoto hana budi kuvijifunza kama lugha ya pili juu ya lugha ya pili. Kwa sababu hiyo ingetarajiwa kwamba karatasi ya Kiswahili iwe ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtoto asiyeona wa pwani. Hapa ndipo ile /t/ na /ch/ inaporudi.

Mtoto mwenye macho wa Chundwa husema mchu nyumbani na kuona mtu kitabuni kila siku. Jicho lake humfundisha kwamba kuna kusema na kuna kuandika. Mtoto asiyeona, ambaye vitabu vya nukta nundu alivyonavyo ni vichache mno, huandika zaidi kwa kutegemea sikio, na sikio lake ni la Kitikuu. Tahajia ya Kiswahili ikisifiwa kuwa inafuata matamshi, yafaa kuulizwa: matamshi ya nani? Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliyashika ya Unguja. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili (1977), waliionyesha hasara waliyoipata wasemaji wa lahaja za kaskazini kwa uchaguzi huo. Hasara hiyo, kwa mtoto mwenye macho wa kisiwa cha Pate, hupunguzwa na kusoma. Kwa asiyeona haipunguzwi na kitu, na mtahini wa Nairobi huiona kama makosa ya tahajia.

Mwandikaji

Nafuu ya kuandikiwa ndiyo yenye matata zaidi, na ndiyo ambayo lugha imo ndani yake kabisa. Mtahiniwa ambaye mikono yake haimtii, kwa kupooza kwa ubongo au kwa sababu nyingine, hutamka jibu na mtu mwingine huliandika. Kanuni inayofuatwa popote pale ni moja: mwandikaji aandike kinachosemwa, asisahihishe wala asiongeze. Ni kanuni ya haki. Lakini imetungwa kwa kudhani kwamba kinachosemwa kina namna moja tu ya kuandikwa.

Na atazamwe mtahiniwa wa Chundwa anayesema kwamba mvuvi alirudi na samaki chachu. Mwandikaji aliyetoka bara, asiyejua Kitikuu, huandika chachu kwa uaminifu, na mtahini husoma kwamba samaki walikuwa wameharibika. Mwandikaji wa Faza au wa Kizingitini huelewa kwamba ni samaki watatu. Akiandika watatu, je, amesahihisha au amenukuu? Kwa upande mmoja amembadilishia mtahiniwa neno. Kwa upande mwingine amefanya kile kile ambacho mtoto mwenye mikono mizima wa mji huo huo angekifanya mwenyewe kati ya kinywa na kalamu. Maana hakuna mtoto wa Chundwa aandikaye kama asemavyo. Kumnyima mtahiniwa anayeandikiwa tafsiri hiyo ya kimya ni kumdai Kiswahili sanifu cha kutamka, jambo ambalo haliombwi kwa mwenziwe aliyeketi dawati la pili.

Hoja inayopingana na hii ina nguvu yake. Mwandikaji akiruhusiwa kufasiri lahaja, ni nani atakayejua mahali tafsiri inapoishia na msaada unapoanzia? Mwandikaji ajuaye Kitikuu ni jirani, pengine ni mjomba au mwalimu wa mtoto, na ujirani huo huo unaomfanya afahamu ndio unaomtia shaka msimamizi. Hii ni shaka ya kweli katika nchi ambayo wizi wa mitihani umewahi kufuta matokeo ya shule nzima nzima. Hata hivyo suluhisho lipo, na wataalamu wa lahaja ndio wanaolimiliki: orodha fupi ya milingano ya sauti ya Kitikuu na Kiswahili sanifu, iliyotayarishwa na watu wa fonolojia na kukubaliwa na Baraza, ingemruhusu mwandikaji abadilishe sauti bila kugusa msamiati wala muundo. Akisema mchu, iandikwe mtu. Akikosea upatanisho, kosa libaki. Kazi ya namna hiyo ingeweza kufanywa na idara yoyote ya lugha kwa muda wa muhula mmoja, kwa kuwa kazi ngumu imekwisha kufanywa. Nurse na Hinnebusch waliipanga milingano hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1993.

Taha Hussein hakuulizwa ni nani aliyeweka nukta juu ya herufi zake. Ilijulikana kwamba mawazo na maneno ni yake, na uandishi ni kazi ya mkono.

Kiziwi na karatasi ya Kiswahili

Kwa watoto wasiosikia historia ilikuwa na mkondo mwingine. Kwa miaka mingi shule zao katika Kenya zilifuata njia ya kuwalazimisha kusema na kusoma midomo, na mikono ilikatazwa. Ni katika miaka ya 1980 tu ishara zilipoanza kukubaliwa darasani, na mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mradi wa utafiti wa lugha ya ishara ya Kenya, ambao majina ya Okoth Okombo na Philemon Akach yamefungamana nao. Mradi huo ulithibitisha jambo ambalo viziwi wenyewe walilijua: kwamba ishara zao ni lugha yenye sarufi yake.

Bila ya uthibitisho huo hatua iliyofuata isingewezekana. Baraza la Mitihani lilikubali kuitahini lugha ya ishara ya Kenya kama somo, na kumruhusu mtahiniwa asiyesikia aifanye badala ya Kiswahili. Tangu mwaka 1985 mtoto kiziwi alikuwa akidaiwa lugha mbili asizozisikia, Kiingereza na Kiswahili, na shule nyingi zikishindwa kuzifundisha zote zilishikilia Kiingereza na kukiacha Kiswahili kimwangushe. Kwa alama na kwa heshima, badiliko hilo lilikuwa ushindi, na ni ushindi wa wanaisimu pia.

Lakini kutoka Chundwa ushindi huo una upande wa pili. Mtoto kiziwi wa Nairobi aliyeachiliwa karatasi ya Kiswahili amepoteza somo. Wa Chundwa huenda akapoteza lugha ya barua za nyumbani kwao, ya hati ya mahari ya dada yake, ya tangazo lililobandikwa mlangoni mwa duka. Wazazi wake hawajui lugha ya ishara wala, mara nyingi, Kiingereza cha kutosha. Kiswahili cha maandishi ndilo daraja pekee kati yake na wao, na ruhusa ya kutokitahiniwa, katika shule ambayo kila kitu hufundishwa kwa ajili ya mtihani, hugeuka kuwa ruhusa ya kutokifundisha. Hapana aliyekusudia hivyo. Jambo linalotakiwa ni kwamba Kiswahili cha kusoma na kuandika kibaki katika ratiba ya mtoto huyo hata kama hakimo katika mtihani wake, na kwamba afundishwe kama lugha ya macho, kwa njia anazofundishwa Kiingereza. Shule za pwani, kuliko za mahali pengine, ndizo zingepaswa kulidai.

Usajili

KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani wa mwisho wa darasa la sita chini ya mtaala mpya ulianza mwaka 2022, na wa darasa la tisa mwaka 2025. Mtaala huo una njia ya pili kwa wanafunzi wasioweza kufuata ile ya kawaida, ambao hupimwa kwa hatua walizofikia badala ya darasa. Mtu aliyeijua desturi ya chuo, ambako kila mmoja alikuwa juzuu yake, hataliona jambo hili kuwa geni.

Njia ya kuzipata nafuu, hata hivyo, imebaki ile ile ya kupimwa, kuandikwa na kusajiliwa, na katika kila hatua bahari imo. Karatasi za mtihani huvushwa hadi visiwani kwa chombo chini ya ulinzi, zikiwa katika bahasha zilizofungwa na kuhesabiwa. Bahasha ya nukta nundu au ya maandishi makubwa hutayarishwa kwa ajili ya mtahiniwa aliyetajwa. Haiwezi kuchapishwa Faza asubuhi ya mtihani kwa kuwa mwalimu amekumbuka. Mtoto ambaye macho yake yanafifia polepole, na ambaye hakuna aliyempeleka kupimwa kwa kuwa bado huiona njia ya kwenda kisimani, huandikwa katika daftari la usajili kama wengine wote, miezi mingi kabla ya bahasha kufungwa, na siku hiyo hupewa karatasi ya herufi ndogo.